Pilau ya Krismasi Ndani ya Ramadhani

Mjukuu wangu Tekla,

Shikamoo yako nimeipata, nami nakwambia marahaba. Huku Mpendae sote wazima. Mjomba wako kaoa tena, na bibi harusi kamzidi umri, lakini hayo tuyaache.

Unasema wamekuchagua uongoze vijana wa kanisa huko Dodoma na hawakusikilizi, ufanyeje? Mie nnamkumbuka mwalimu wetu wa dini, Mzee Barnaba. Miaka ile baada ya Mapinduzi, bado mie msichana, Krismasi iliangukia Ramadhani. Sie wanakwaya tukapika pilau uwani kanisani, mchana kweupe, ikanukia mtaa mzima na majirani wamefunga. Fransisi, mlafi yule, akasema, "Sikukuu yetu, tule." Tukatandika mkeka.

Mara Mzee Barnaba huyo. Tukajua leo tutasemwa. Wala. Akasema tu, "Kuleni, wanangu. Mie ntakula magharibi, na Bi Mwanaidi hapo jirani." Akakaa na njaa yake, anatutania.

Nani ameze tonge hapo? Tukafunika sufuria. Adhana ilipolia tukaibeba kwa Bi Mwanaidi, naye akatoa tambi na uji, tukala na kucheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka uliofuata Mzee Barnaba keshahamishiwa Pemba, na Krismasi ikaangukia Ramadhani tena. Mwanakwaya mgeni akauliza tunakula saa ngapi. Fransisi ndiye aliyemjibu, "Tunangoja adhana, bwana. Sie ndivyo tulivyo."

Msalimie mama yako, mwambie kanga nshazipata.

Bibi yako,
Agata