Ruhusa Imezuiwa na Msimamizi

Qullpani, 9 Januari

Mwanangu Grover,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila radi zinatusumbua. Sijui mgongo wako unaendeleaje huko Iquique na mizigo ya bandarini.

Sikufichi, naandika kwa hasira. Tangu uvuke mpaka, kila asubuhi nikiwasha kompyuta ya redio yetu ya kijiji, ile programu inayojiendesha chinichini na kurusha nyimbo na matangazo inagoma kuamka. Inaandika: "Ruhusa imezuiwa na msimamizi." Msimamizi ni nani kama si wewe uliyeiweka? Uliondoka umenuna kwa sababu kamati ya redio ilimpa Remberto kiti chako, sasa umetufungia. Nimeshayasema kwenye maikrofoni, kijiji kizima kimesikia.

Mama yako wa ubatizo,
Eusebia

Iquique, 17 Januari

Shikamoo mama,

Mwili mzima, roho imeumia. Sikufunga kitu. Programu ile ikishindwa kuamka hubwata sababu yoyote. Bado mnachomoa waya zote jioni kwa kuogopa radi, sivyo? Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta imekufa. Waya ukitoka, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na programu inaona muda wa kibali chake cha kutumika haujaanza. Weka tarehe ya leo, washa upya.

Ungeniuliza kwanza.

Mwanao,
Grover

Qullpani, 26 Januari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sina raha. Niliweka tarehe, nyimbo zikaanza zenyewe, nikakaa pale kwenye kiti nikiona aibu hata kumtazama Remberto. Nilikushika mimi siku ya ubatizo, na ni mimi niliyekuita hewani mwizi wa redio.

Nimeomba radhi hewani asubuhi, mchana na jioni, kwa Kiaymara na kwa Kihispania. Wote wamesikia. Nisamehe.

Mama yako mwenye aibu,
Eusebia

Iquique, 6 Februari

Shikamoo mama,

Mimi mzima, na nimekusamehe. Lakini mama yangu mzazi hajasikia. Siku ile uliponitaja hewani alimpa jirani redio yake, na tangu hapo haendi sokoni, anaona watu wanamnyooshea kidole. Nimempigia simu kumweleza, akasema, "Wewe ni mwanangu, lazima useme hivyo."

Nyumba yake unaijua. Acha maikrofoni, nenda ukabishe hodi.

Mwanao,
Grover