Okidi ya Kwenye Mninga

Rungwa, Jumanne

Amenisafishia mti. Ndivyo alivyosema shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, huku anafuta panga kwenye suruali na kusubiri nimshukuru.

Ule mninga ulikuwa na okidi moja, mmea wa maua unaoota juu ya miti, kwenye panda ya tawi. Msimu uliopita haikuchanua, na kwa majani peke yake siwezi kujua ni okidi gani, maana yanafanana mno. Lazima uone ua. Mwaka huu ikatoa matumba. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye shina nisiupoteze mti.

Kumbe kwa wafuga nyuki wa hapa kitambaa maana yake mti una mwenyewe, anataka kutundika mzinga. Mimi niliyekuja hapa kwa kuolewa ningejuaje? Shemeji akaona nachelewa, akaparua tawi lote, akanitundikia mzinga wake mpya.

"Yale majani yaliyoota juu nimeyatoa yote, shemeji. Nyuki hawapendi uchafu."

Uchafu.

Niliiokota chini, mizizi juu. Tumba moja lilikuwa zima, nikalipasua kwa ukucha. Ndani kijani kitupu, halijapata rangi wala umbo. Sasa sitajua kamwe ilikuwa ipi.

Mume wangu anacheka, eti nimepewa mzinga bure na bado nanuna. Na yeye nimemnunia.

Kesho nitamwamkia shemeji shikamoo, kwa sababu ni mkubwa. Asali yake ale mwenyewe.