Waya Wangu Uko Kanisani

Alhamisi, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Vumbi tangu asubuhi, upepo unatoka upande wa ziwa, na roho yangu imechafuka kuliko hewa yenyewe. Nimeanza kuandika mara kadhaa nikafuta, maana yaliyotoka yalikuwa matusi matupu.

Nianze na Riziki, kwa sababu bila yeye hasira hii ingekuwa ya kipuuzi. Riziki ni dada yangu mdogo. Anaishi kijiji cha mwisho kabisa cha kambi, kule ambako simu haishiki mtandao hata ukipanda kichuguu. Ana mimba kubwa. Ile ya kwanza, uchungu ulipomshika walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, na mtoto akafia njiani. Safari hii tegemeo letu ni mkunga wa kijiji chao na redio yake ya mkononi, ile ya kubonyeza ndipo useme. Kwa redio hiyo ndipo anaita gari la wagonjwa.

Sasa gari hilo limefungwa redio mpya, yenye masafa mapya. Redio za wakunga ni za zamani, zimebaki viziwi. Kuziwekea masafa mapya lazima uziunganishe na kompyuta, na waya wake siku hizi hauuzwi popote.

Basi nikautengeneza mwenyewe. Kuna waya wa simu za zamani, ambao kile kichwa kinene kinachoingia kwenye kompyuta kina kibao kidogo cha elektroniki ndani, na hicho ndicho kinachofanya kompyuta na redio zielewane. Nikakata upande wa simu, nikaweka pini ya redio, nikachomelea uzi wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Jumatatu ukakubali. Nikautundika msumarini, nikingoja mkunga alete redio yake.

Jana mkunga akaja. Msumari mtupu!

Mke wangu akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba Papa Josué, kiongozi wa kwaya yetu, alipita akauomba. Kwetu sisi mtu akiomba kitu kwa ajili ya kanisa, hujui hata namna ya kumnyima. Nikaenda mbio kanisani. Pini yangu nimeikuta kwenye simu yake, katika tundu la kusikilizia. Kile kichwa kinene alikuwa amekikata kwa kisu, ili nyuzi azisokote nyuma ya amplifaya ya kwaya. Na kichwa chenyewe? Amekitupa chooni.

"Nilikuta ile waya inaikala bure," akasema, anatabasamu. "Njo nikasema itumikie Mungu."

Niligeuka nikatoka. Ningefungua kinywa wangenitenga na ushirika.

Leo nimeshinda mjini Mbarara. Nyaya mpya ziko tele, lakini vichwa vyake havina kitu ndani. Madukani walinicheka. Mwishowe, karibu na kambi ya jeshi, nikaingia kwenye kibanda cha mwanamke mmoja, mke wa askari, anayetengeneza chaja.

"Hiyo simu watu alitupa zamani," akasema. "Wewe nataka waya yake ya nini?"

Nikamweleza habari za Riziki. Akaburuta ndoo ya nyaya mbovu.

"Tafuta hapo ndani. Hata mimi nilizalia kwa njia. Gari ilikataa kuja."

Nikakaa chini nikivunja kichwa kimoja baada ya kingine, mpaka nikapata chenye kibao. Nilitaka kumbusu mama wa watu.

Jioni hii nimechomelea upya, nikaiwekea redio masafa mapya, mkunga amekaa pembeni yangu. Tulipomaliza akabonyeza, akaita. Dereva wa gari la wagonjwa akajibu kwamba anamsikia vizuri. Mkunga akapiga vigelegele.

Hapo hapo Papa Josué akaingia. Nilidhani amekuja kuomba radhi.

"Ndugu, muziki inatokeaka upande moja tu. Hauna waya ingine?"

Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Nilimkumbusha ni kwaya gani iliyoimba siku tulipomzika mtoto wa Riziki. Nikamuuliza kama ameshachagua wimbo wa kumzikia huyu wa pili. Akaondoka kichwa chini.

Mke wangu anasema nimemwaibisha mtumishi wa Mungu, niende kumwomba msamaha kabla ya Jumapili. Siendi. Mkunga amesharudi kijijini na redio yake, na waya nimeufungia sandukuni, ufunguo ninao shingoni.

Sasa hivi mke wangu ameniuliza tena kama Jumapili nitaimba. Mimi najiuliza jambo moja tu: Riziki angeshikwa na uchungu jana, nani angemsikia?