Sentensi Niliyoifuta

Bweni la wanafunzi, chumba namba 14
Tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na wanao ni wazima? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaonisumbua, na leo nataka kuutua.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa uandishi aliomba watu wa kujitolea kwenye utafiti wake. Anachunguza jinsi mtu anavyoandika kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Kompyuta inanasa kila herufi unayobonyeza, kila unapositasita, na kila unachofuta. Nikaona ni jambo dogo, nikatia sahihi.

Tukaambiwa tuandike juu ya siku tunayoijutia. Nikaandika kuhusu msiba wa mama. Katika lugha ya huku maneno hayanichomi sana, basi yakanitoka: "Sikwenda kumzika kwa sababu niliogopa kumwona." Nikaitazama sentensi hiyo weee, kisha nikaifuta, nikaweka ile mliyoisikia nyote: "Chuo kilininyima ruhusa."

Alhamisi iliyopita mwalimu akayaonyesha maandishi yangu ukutani mbele ya darasa zima, vilevile kompyuta ilivyoyanasa. Jina hakutaja, kaniita Mshiriki wa Saba. Lakini ni nani mwingine pale aliyefiwa na mama mwaka jana? Herufi zikajiandika mojamoja, zikasimama. "Dakika nne na nusu," akasema, uso umemchangamka, "halafu tazameni." Sentensi yangu ikaanza kuliwa kutoka mkiani. "Mnaona? Hapa hasahihishi sarufi. Anabadili kisa." Wenzangu wakaandika kwenye madaftari yao.

Nilimfuata ofisini. "Mwalimu, yale niliyafuta," nikamwambia.

"Hayo ndiyo hasa ninayoyatafuta," akanijibu. "Na fomu ulitia sahihi mwenyewe."

Hakuwa mkali. Angenifokea, ningepata pa kumshika. Nikajitoa kwenye utafiti, ila yaliyokwisha kukusanywa, anasema, hayarudi.

Dada, kinachonikereketa si yeye. Ni kwamba watu ishirini wasiomjua mama wameujua ukweli kabla yako wewe, uliyemuuguza mpaka mwisho. Chuo hakikuninyima kitu. Ruhusa nilipewa siku ileile, na begi nililifunga. Nikakaa kitandani, viatu miguuni, mpaka saa ya safari ikapita. Nawe ukanitetea kwa wajomba: "Mwacheni jamani, wamemkatalia." Nilikusikia kwenye simu, nikanyamaza. Nimenyamaza mwaka mzima.

Usinijibu kwa huruma. Kama una hasira, niandikie kwa hasira hiyohiyo. Nitaisoma yote.

Nisalimie shemeji, wajomba wote wawili, na kitinda mimba wetu. Wajomba usiwaambie lolote. Hilo ni langu, nitawaandikia wiki hii. Mungu akurudishie nguvu ulizozimaliza peke yako siku ile, wakati mimi ningeweza kuwa pembeni yako.

Akupendaye, ingawa hakuja,
Mdogo wako