Kwa Baba Kumbe, Uliyesoma Mambo ya Mama Redioni Miaka Ishirini na Mbili

Mwaka umetimia tangu uanguke bafuni, Baba, shavu moja limenyolewa na jingine bado lina povu. Kipindi chako cha siku hiyo ulikuwa umekirekodi mapema, kwa hiyo saa moja kamili asubuhi, wakati majirani wanasaidiana kukubeba, wewe ulikuwa unacheka redioni kule jikoni. Mama alituambia tuizime, na hakuna aliyekuwa na mkono mtupu wa kuizima. Ukacheka mpaka mwisho wa kipindi.

Watu wote walikujua kwa jina la Baba Kumbe, kwa sababu kipindi kiliitwa Kumbe, na kila ulipomaliza jambo moja ulivuta pumzi na kusema "kumbe" kama mtu aliyekuta hela mfukoni. Nusu saa kila siku ya kazi. Mambo madogo ya ajabu, habari njema za watu wa kawaida, maswali ambayo hayamsumbui mtu mpaka aulizwe. Watu walichelewa kazini kwa ajili yako. Mwalimu mkuu mmoja alisimamisha ratiba nzima ya asubuhi shuleni kwake ili walimu wamalize kukusikiliza. Ulikuwa mcheshi, ulikuwa mkarimu, ulimsalimia kila mtu barabarani hata aliyekuwa anakukwepa. Hayo tunayasema kwa moyo mmoja, na tumeyasema kwanza ili mtu asije akatuita wanga.

Sasa tuseme yaliyobaki.

Mama, mkeo, ni fundi wa miwani. Anakaa nyuma ya meza katika lile duka la kona, anachonga vioo, ananyoosha fremu zilizokaliwa na watoto, na huku wateja wanaosubiri wanamweleza maisha yao. Mtu asiyeona vizuri husema sana, Mama ameligundua hilo zamani. Anasikiliza, anauliza, na akipata jambo anaandika kwenye kadi nyeupe za dukani, nyuma ya zile herufi za kupimia macho.

Ni Mama aliyehesabu wateja mia mbili waliopoteza miwani, akakuta themanini na mmoja walikuwa wameivaa kichwani. Ni Mama aliyempata yule fundi cherehani ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa anawaomba watoto wa jirani wamtungie uzi kwenye sindano. Siku alipovaa miwani yake ya kwanza alitunga mara moja, akatungua, akatunga tena, akakataa kuondoka dukani. Ulipoisoma hiyo redioni watu walilia kwenye simu. Ukasema, "Msikilizaji wetu mmoja wa siku nyingi ametuletea hii."

Msikilizaji wetu mmoja wa siku nyingi alikuwa jikoni, Baba, anakukaangia mayai.

Na utaratibu wa nyumba tuukumbushe, maana ulikuwa wako na uliupenda. Jambo haliendi hewani kabla halijajaribiwa mezani kwetu. Tumehesabu matone ya maji yanayojaza kijiko. Tumewashindanisha sisimizi, sukari upande huu na asali upande ule. Kuna jioni uliuliza kama mtu anaweza kulamba kiwiko chake, familia nzima ikajipinda kama nguo zinazokamuliwa, na Mjomba, kaka yake Mama, akakaa siku tatu na shingo iliyogoma. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Tulikupenda sana kwenye meza ile na hatuna haja ya kuficha.

Lakini baada ya chakula ulikuwa unachukua kadi ya Mama, unainakili kwa mwandiko wako kwenye karatasi safi ya kituo, halafu kadi yenyewe unaitupa kwenye pipa la taka pamoja na maganda. Sisi tulidhani ni usafi.

Mama alikuomba jambo moja tu. Hakuomba kukaa studioni, hakuomba picha yake ubaoni. Alitaka siku moja useme jina lake. Ukamjibu kwamba watu watasema kipindi ni cha nyumbani, hakina hadhi. Siku Kumbe ilipotimiza miaka ishirini ukawashukuru wote hewani, fundi mitambo, mlinzi wa getini, dada wa chai, mpaka aliyekuuzia viatu. Mama alikuwa amewaita wateja wake wasikilize dukani na sauti ameipandisha. Ukafika kwa msikilizaji wetu wa siku nyingi, ukapita. Mteja mmoja, mzee wa watu, akamwambia, "Pole, mama, labda muda ulimwishia." Muda haukukuishia. Ulimalizia na hali ya hewa.

Umekufa hujamtaja. Hasira yetu ndiyo hiyo na haijapoa.

Sasa sikia kilichotokea mwezi uliopita. Walikuja nyumbani wawili, mkurugenzi wa kituo na mwenzako wa studioni, yule uliyekuwa ukimwita Pacha. Sanduku lako la karatasi walikuwa wamelichukua siku ya msiba, wakisema ni la kuhifadhi, na tangu hapo Pacha anasoma humo kila asubuhi. Sasa walitaka kutoa kitabu cha Kumbe chenye picha yako kwenye jalada. Walileta barua iliyokwisha kuchapwa, kwamba mimi mjane wa marehemu nakiri yaliyomo yote ni kazi ya marehemu peke yake, halafu mstari wa kusaini.

Mama akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akairudisha mezani.

"Hii siisaini."

"Ni utaratibu tu, mama," mkurugenzi akasema.

"Utaratibu wa nani? Mambo haya nimeyaokota mimi."

Pacha akakohoa kidogo. "Shemeji, tunakuelewa, msiba si kitu kidogo. Ila karatasi zote zina mwandiko wa kaka. Tutamwambia nani kwamba ni zako? Una ushahidi gani?"

Hapo ndipo tulipolikumbuka lile pipa la taka, Baba. Dada mkubwa aliinuka akaenda kusimama uani, maana alihisi atamtukana mgeni, na aliyestahili matusi hakuwa mgeni, ulikuwa wewe.

Mama hakuinuka. Akauliza, "Ile ya vitunguu mnaikumbuka?"

"Nani asiyeikumbuka," Pacha akasema, na akacheka kwa kuisikia tu. "Ukikata kitunguu huku unaimba, hulii. Simu zililia siku tatu. Nusu ya mji walisema imewafaa."

"Ni uongo. Nimeutunga mimi, siku ileile ya miaka ishirini, nikiwa na hasira zangu, na mezani haukujaribiwa. Na si huo peke yake. Humo sandukuni ziko nane nilizozitunga. Mbili umeshazisoma mwezi huu kwa mbwembwe."

Mkurugenzi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Zipi, mama?"

"Si mmesema ni kazi ya marehemu peke yake? Mwulizeni marehemu."

Mkurugenzi alipoanza tena habari za utaratibu, Mama akamkatiza. "Hiyo miwani yako nimeichonga mimi, kwa hiyo najua unaniona vizuri. Jina langu lianze juu ya kitabu, ndipo nitawaonyesha uongo ulipo. Chai hiyo inapoa."

Waliinywa haraka haraka, wakaenda zao.

Siku ya nne Pacha akarudi peke yake na barua mpya. Jina la Mama lilikuwa juu, lako chini yake kama msomaji. Mama akasaini, akamhesabia zile nane moja moja bila kutazama popote. Tulidhani yameisha. Pacha akawa anazungusha kofia mikononi, haondoki.

"Shemeji, kuna jambo. Ile ya vitunguu, kaka alijua."

"Alijua nini?"

"Aliijaribu. Asubuhi ya kuisoma alikuja na vitunguu vitatu mfukoni, akavikata kwenye jiko la kituo huku anaimba. Akatoka macho mekundu, kamasi zinamtiririka. Nikamwambia, kaka, hii si kweli, iache. Akasema, 'Mama watoto ana kinyongo na mimi. Ngoja nimsomee tu, atafurahi.'"

Pacha alidhani analeta faraja, maskini. Mama alimfungulia mlango kwa adabu, akaufunga, akageuka, na wala hakutuangalia sisi. Aliiangalia ile picha yako ya ukutani.

"Kumbe ulijua nimeumia," akakwambia. "Ukaona heri udanganye mji mzima kuliko kunitaja mimi."

Akaishusha picha. Imekaa wiki mbili uso ukutani nyuma ya kabati, na tuseme ukweli, hakuna aliyemtetea mwenye picha. Mjomba alijaribu kidogo, akasema wanaume wa rika lenu mlilelewa hivyo. Mama akamwambia na yeye aende kulamba kiwiko.

Juzi, siku ulipotimiza mwaka, tuliwasha redio. Pacha akaeleza habari za kitabu, akasema kwamba kwa miaka ishirini na mbili mambo yote ya Kumbe yaliokotwa na kuandikwa na fundi mmoja wa miwani, mke wa marehemu, halafu akataja jina la Mama. Yote matatu, lake, la babake na la babu yake. Barabarani mtu alipiga honi. Simu za sisi wanao zikaanza kulia zote kwa pamoja. Jina lilikuwa limetoka, hewani, saa moja na dakika kumi, na kila mtu alilisikia.

Mama alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo.

"La katikati amelitamka vibaya," akasema.

Kisha akaketi pale pale kwenye kigoda na kulia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani, na tulipomshika mabega akasema wewe tu ndiye uliyekuwa unalitamka sawasawa.

Unakumbukwa na mkeo, fundi wa miwani, mwenye kitabu. Unakumbukwa na wanao watatu, na wakwe zako wawili waliokujua kwa sauti kabla ya sura. Unakumbukwa na shemeji yako mwenye shingo, na Pacha wa studioni ambaye tumemsamehe yeye kwanza. Wewe bado, Baba. Lakini hatukukusahau hata asubuhi moja, na tulijitahidi sana.