Manjano ya Pazia la Sebuleni

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji, na kwamba zamu za wodini hazikumalizi. Huku tupo. Ningeandika tu wazima, ila neno hilo limenishinda, na utaona kwa nini.

Kazini Fundi Mkuu, bosi wangu pale studio, bado ananisifu kwa kuondoa rangi zinazovamia picha. Bwana harusi akitoka kijani kwa sababu ya taa za ukumbini, analetwa kwangu. Natafuta kitu ninachojua ni cheupe, shati au meno, nakibofya, na kompyuta inarekebisha picha nzima kwa kukifuata hicho. Ukikosea cheupe chako, umeharibu zote. Hilo huwa nawaambia wanaoanza kazi, tena kwa madaha.

Sasa picha za mama. Kila mwezi nampiga picha kwenye kiti chake cha dirishani, kama ulivyoagiza, ili uone hali yake. Kwa miezi mitatu zimekuwa zikitoka za manjano. Nikamwambia ni lile pazia. Akacheka, akasema pazia halina kosa, mpiga picha ndiye hajui kazi. Jumamosi akalishusha akalifua. Nikampiga bila pazia, manjano yakabaki yale yale.

Nimechanganyikiwa, dada. Nilibadilisha balbu. Nikaifungua picha kwenye kompyuta ya Fundi Mkuu, nikidhani yangu imezeeka. Nikampiga nje, mchana kweupe. Mwisho nikaweka kiganja changu kando ya chake: changu cha kawaida, chake manjano. Hata hapo nilikaa nikijiuliza kama kasoro haiko kwenye kiganja changu.

Nakuungamia. Unazijua nguo za mama, hana hata moja nyeupe. Kitu nilichokuwa nabofya miezi yote hiyo, kabla ya kukutumia picha, ni weupe wa macho yake. Mimi ndiye niliyeufanya mweupe. Ulipoandika kwamba mama ananawiri, ulimsifu mama niliyemtengeneza mimi. Nimekupigia simu mara mbili nikuambie. Ulipopokea nikauliza habari za watoto.

Jana nilimwomba twende hospitali. Alitoa barua yako chini ya mto, akasema, "Dada yako ni muuguzi, anatazama wagonjwa kila siku. Kaniona, kasema mzima. Wewe wa picha unajua nini?" Naogopa, na sijui naanzaje kumwambia kwamba hujamwona.

Barua hii nitampa dereva wa basi la asubuhi. Ndani kuna picha ambayo sijaigusa. Itazame macho, kisha mpigie mama kabla hujaanza kunikasirikia. Mimi hanisikii, atakusikia wewe.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu sana. Ameiona picha hii kabla sijafunga bahasha, akauliza mbona safari hii sikuitengeneza.

Mdogo wako,
Macho Manne