Kilichokuwa Ndani ya Firigisi

Jumatatu, 4 Agosti
Shambani saa kumi na mbili, kama kawaida. Miche ya mpunga imekatwa tena upande wa mfereji. Kaka yangu Kariuki amefika Kutus kutoka Nyeri, na gambuti mpya. Amesimama kwenye tuta dakika tano, hakulowa hata kidole, akatoa hukumu: ni bata mwitu. Miaka ishirini anauza viatu Majengo, hukohuko Nyeri. Leo ni bingwa wa ndege.

Jumanne, 5 Agosti
Nimewatazama bata tangu alfajiri. Kumi na mmoja. Kichwa chini ya maji, mkia juu. Hawaoni wanachotafuta, wanapapasa tope kwa mdomo, wanachuja maji pembeni, kinachobaki wanameza. Mmoja aliibuka na konokono. Konokono ndio wanaokata miche. Mayai yao mekundu yamejaa kwenye mabua. Mtoto wa nasari angeyaona.

Alhamisi, 7 Agosti
Kariuki ameita majirani, amewahubiria. Watu wazima wanakubali kila neno kwa sababu amevaa koti. Nikasema bata wanakula konokono na mbegu za magugu.
"Ati konokono? Kwani uliwauliza?"
Wakacheka wote. Nikainama kung'oa magugu. Ninamdharau. Mimi mwenyewe ninajidharau zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti
Ametapakaza mchele wenye sumu kando ya maji. Niliiona ndoo kabla hajaibeba. Sikuimwaga. Mwoga.

Jumamosi, 9 Agosti
Bata saba wamekufa. Kariuki anawapiga picha kama aliyeua simba. Jirani yetu Mama Njeri akaja kuchukua wawili akapike. Nikamnyang'anya, akanitukana. Basi nikafunga mikono kwa mifuko ya plastiki, nikampasua mmoja mbele yao. Firigisi: mchele wa Kariuki, magamba ya konokono, mbegu za magugu. Jani la mpunga, hakuna.
"Huyo ni mmoja tu," akasema Kariuki.
Nikapasua wa pili. Wa tatu. Kufikia wa nne alikuwa amekumbuka ana kazi Nyeri. Hakuna aliyemsindikiza. Nimewazika wote saba peke yangu, shimo refu.

Jumatano, 13 Agosti
Miche imekatwa zaidi. Bata wanne waliobaki hawajaonekana. Asubuhi Mama Njeri alikuja na karai, akakunja sketi, akaingia majini. Hakuomba msamaha, sikumdai. Tumeokota konokono hadi saa saba. Chai tumekunywa tukiwa tumesimama. Amesema kesho atakuja mapema.